Habari za Mauaji Magazetini, na Jinsi Zitupasavyo Kuzisoma



Hapana nyumba siku hizi isiyofikiwa na habari za vita. Kijana wa chuoni huwa amekwisha kuona katika simu yake mambo ya nchi tano kabla hajatawadha kwa sala ya Alfajiri. Na habari nyingi katika hizo ni za watu waliouawa kwa wingi, wanawake, watoto na wazee wasioshika silaha. Ukizisoma kwa makini utaona jambo la kustaajabisha. Gazeti la nchi hii lasema waliouawa walikuwa maadui. La nchi ile lasema walikuwa wanavijiji. Hili lasema ni kumi; lile lasema ni mia nne. Na lipo la tatu ambalo halisemi neno lo lote.

Wanafunzi wangu huniuliza, "Maalim, tuamini lipi?" Swali hili ni zuri, na hao waulizao si wenye kunitia hofu. Wenye kunitia hofu ni wale wasiouliza, ambao huamini habari iliyowapendeza na kuwapelekea wenzao papo hapo. Damu ya mtu si jambo la kupendezwa au kuchukizwa nalo tu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amefananisha kuiua nafsi moja pasipo haki na kuwaua watu wote. Basi mwenye kuzua mauaji yasiyokuwapo amewasha fitina, na mwenye kuyakana yaliyokuwapo amewanyima maiti haki yao ya mwisho, yaani kujulikana kwamba walidhulumiwa.

ELIMU TULIYO NAYO

Waislamu hatukuachwa bila chombo cha kupimia habari. Wanavyuoni wa hadithi, walipoletewa maneno yasemwayo kuwa ni ya Mtume (s.a.w.), hawakutosheka na uzuri wa maneno yenyewe. Waliuliza: Nani aliyasikia? Nani aliyapokea kwake? Je, wawili hao walionana kweli? Alikuwa mtu wa namna gani, mkweli, mwenye kumbukumbu, au mwenye kujipendekeza kwa wakubwa? Mnyororo huo wa wapokezi ndio isnadi. Habari yenye isnadi iliyokatika ilihesabiwa dhaifu, hata kama aliyeileta alikuwa mtu mashuhuri. Na katika Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakikisha habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Nadai kwamba elimu hii yafaa pia kwa gazeti, na nitaonyesha kwa mifano ya kwetu na ya jirani zetu.

BONDE LETU MWAKA 1905

Tuanze nyumbani. Vita vya Maji Maji vilizuka Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na havikukawia kufika huku kwetu. Tarehe 30 Agosti mwaka ule Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero. Bunduki mbili za rashasha ziliwaangusha kwa mamia. Baadaye majeshi ya serikali yalichoma vijiji, maghala na mashamba, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Je, magazeti yalisema nini? Wakati ule Dar es Salaam palikuwa na gazeti la walowezi wa Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanzishwa mwaka 1899. Huko Ulaya nako magazeti yaliandika juu ya vita hivi. Lakini watu waliowapelekea habari walikuwa maofisa wa jeshi, walowezi na wamisionari. Mpogoro aliyechomewa ghala lake hakuulizwa neno, wala hapakuwa na mtu wa gazeti aliyeketi na mjane wa Mahenge akaandika jina la mumewe.

Matokeo yake twayaona katika hesabu. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenziwe wanne tarehe 14 Agosti 1905. Nao walikuwa watu wasioshika silaha, na kuuawa kwao kulikuwa dhuluma. Majina yao matano yamehifadhiwa hata leo. Wazungu wote waliokufa katika vita vile walihesabiwa mmoja mmoja, wakafika 15. Ama wenyeji, serikali ya Kijerumani ilisema wamekufa 75,000, na baadaye mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kuwa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tazama, ndugu msomaji: upande mmoja hesabu haikukosa hata mtu mmoja, na upande wa pili makadirio yapishana kwa watu zaidi ya laki moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo alama ya habari ambayo isnadi yake ilikuwa ya upande mmoja.

Ushahidi wa wenyeji ulichelewa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo kwa Kiswahili, nao haukupigwa chapa ila mwaka 1933. Na maneno ya wazee waliokuwa hai bado yalikusanywa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, yaani miaka 63 baada ya vita. Laiti magazeti yangaliuliza mapema, tungalikuwa na majina. Leo tuna idadi ya kukisia tu.

WIRIYAMU

Sasa tutazame mauaji mengine, ambayo isnadi yake haikukatika.

Mwaka 1972 Kidatu yetu ilijaa watu wa kazi. Bwawa la umeme lilikuwa likijengwa katika mto Ruaha Mkuu, na reli ya Uhuru ilikuwa ikitandikwa kuelekea Zambia. Wakati huo huo, huko kusini katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, Wareno walikuwa wakijenga bwawa lao kubwa la Cabora Bassa katika mto Zambezi, huku wakipigana na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Jeshi lao liliwashuku wanavijiji wa Tete kwamba wanawalisha na kuwaficha wapiganaji.

Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972 ndege za Ureno zilikipiga mabomu kijiji cha Wiriyamu na vingine vilivyokuwa jirani nacho, si mbali na mji wa Tete. Kisha helikopta zikateremsha makomando. Watu walikusanywa, wengine waliamrishwa wapige makofi, wakapigwa risasi huku wakipiga. Wengine waliingizwa vibandani na vibanda vikatiwa moto. Wanawake wenye mimba hawakuachwa, wala watoto wachanga.

Habari hii ilipita vipi hata ikajulikana? Hapa ndipo palipo na fundisho. Wapokezi wa kwanza walikuwa wenyewe walionusurika, baadhi yao wakiwa na majeraha. Waliwaeleza mapadri wa misheni za Tete, miongoni mwao Domingos Ferrão, mwenyeji wa Msumbiji, pamoja na wamisionari wa Kihispania. Mapadri hao hawakutosheka na kuandika kwamba watu wengi wameuawa. Waliuliza kila aliyenusurika: nani wa mlango wako aliuawa? Umri wake? Alikuwa mke wa nani? Wakaandika orodha yenye majina zaidi ya mia moja, na kukadiria kwamba waliouawa wote walikuwa kiasi cha mia nne. Karatasi hizo zilitolewa nchini kwa siri zikafika Hispania. Huko zilimfikia padri wa Kiingereza, Adrian Hastings, ambaye zamani alitumika Uganda, naye akazipeleka kwa gazeti la The Times la London. Gazeti likazitangaza tarehe 10 Julai 1973.

Hiyo ni isnadi: walioona, waliowasikia, aliyepokea, aliyetangaza. Kila kiungo chajulikana, na kila kiungo chaweza kuulizwa.

Nasi tuseme haki. Wapokezi hao walikuwa mapadri wa Kikristo. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Basi vipi tuwapunje wale ambao hatuna chuki nao, nao wakasimama na wanyonge kwa hatari ya nafsi zao?

RAMANI ISIYO NA KIJIJI

Serikali ya Ureno ilikana. Hoja yake iliyojulikana zaidi ilikuwa kwamba hakuna mahali paitwapo Wiriyamu katika ramani. Msomaji wa London au Lisbon aliweza kudhani kuwa hiyo ni hoja nzito. Lakini mtu wa Kilombero ajua kwamba ramani huchorwa na mtawala, na mtawala huandika pale anapopata kodi au anapopitisha barabara. Ni vitongoji vingapi vya bonde hili vilivyokuwa na misikiti na makaburi ya babu zetu, wala havikuwamo katika ramani ya Mjerumani wala ya Mwingereza?

Hoja ya pili ilikuwa ya wakati. Wiki iliyofuata, waziri mkuu wa Ureno, Marcello Caetano, alikuwa akienda London kusherehekea miaka 600 ya mapatano ya urafiki baina ya Ureno na Uingereza. Basi wakasema, habari hii imezuliwa ili kuiharibu ziara. Na baadhi ya magazeti ya Uingereza kwenyewe yalitia shaka. Hapa yatupasa tupambanue. Huenda aliyetangaza alichagua siku ya kutangaza, lakini siku ya kutangaza haigeuzi alichokiona mama aliyenusurika mwezi wa Desemba. Nia ya mpokezi wa mwisho si hoja ya kumkadhibisha shahidi wa kwanza. Ukitaka kumkadhibisha shahidi, nenda ukamwulize.

Mwandishi mmoja wa Sunday Times, Peter Pringle, alikwenda. Alifika Tete na kuzungumza na watu wenye habari za mauaji, kisha polisi wa Ureno wakamkamata na kumfukuza nchini. Serikali isemayo kwamba kijiji hakipo, kisha ikamfukuza anayekitafuta, imejitolea ushahidi yenyewe.

Na huko Ureno je? Kwa miaka zaidi ya arobaini magazeti yao yalipitia mbele ya wakaguzi wa serikali, waliofuta kwa kalamu ya rangi ya buluu kila wasilolitaka. Kwa hiyo raia wa Lisbon alisomeshwa makanusho ya jambo ambalo hakupata ruhusa ya kulisoma. Pengine alikuwa na mtoto wake jeshini Msumbiji, wala hakujua mtoto huyo alikuwa akitumwa kufanya nini. Ukaguzi ule ulianguka pamoja na serikali yake tarehe 25 Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Miaka mingi baadaye mwanahistoria Mustafah Dhada aliwatafuta walionusurika, akawasikiliza na kulinganisha maneno yao. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 alihesabu waliouawa 385. Mapadri walikuwa wamekadiria kiasi cha mia nne, bila ofisi, bila usalama, wakiandika kwa kujificha. Mwezi wa Septemba 2022 waziri mkuu wa Ureno, António Costa, aliyataja mauaji hayo huko Maputo kuwa ni tendo lisilo na udhuru, akaomba radhi. Ilikuwa imesalia miezi mitatu tu kutimia miaka hamsini.

JE, MAGAZETI YETU?

Si haki kuwapima wengine tukajiacha. Magazeti ya Tanzania wakati ule, kama Uhuru la TANU na Daily News la serikali, yalikuwa upande wa Msumbiji, na upande huo ulikuwa wa haki. Wapiganaji wale wale ambao Wareno waliwaita magaidi, sisi tuliwaita wapigania uhuru. Lakini msomaji mwenye akili huona kuwa jina ni hukumu iliyotangulia ushahidi, hata pale ambapo hukumu yenyewe ni sahihi.

Tazama habari ya Mueda, katika nchi ya Wamakonde ng'ambo ya mto Ruvuma. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya serikali. FRELIMO ilisema waliuawa 600, na hesabu hiyo ikaenea kotekote. Hesabu za Wareno zilikuwa ndogo mno, na wanahistoria wanabishana hata leo. Kwamba watu waliuawa hapana shaka. Lakini hapakuwa na aliyekusanya majina kama ilivyofanywa Tete, ndiyo maana hesabu ikawa ya kuvutana.

Na tutazame Unguja, ndugu zetu wa damu na wa dini. Katika Mapinduzi ya Januari 1964 waliuawa watu wengi wasio na silaha, na idadi yao yatajwa kwa tofauti kubwa mpaka sasa. Magazeti ya visiwani yaliyokuwapo kabla ya hapo yalinyamazishwa, na huku bara hatukupenda kuuliza. Basi nani aliyetuwekea picha? Ni Waitaliano waliopita juu kwa ndege, wakazitia katika filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966, iliyolaumiwa kwa kuwadhalilisha Waafrika. Mwenye nyumba akikataa kuisimulia misiba yake, mpita njia ataisimulia apendavyo, na wajukuu watapokea masimulizi ya mpita njia.

YA LEO

Mambo haya si ya zamani tu. Tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, liko katika vita vya watu wenye silaha wanaojivika jina la dini yetu. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, katika ardhi yetu. Tarehe 24 Machi 2021 waliuvamia mji wa Palma. Magazeti ya ng'ambo yaliandika sana juu ya hoteli ya Amarula, ambamo wageni waliofanya kazi katika mradi wa gesi walizingirwa. Wageni wale walipata majina na picha. Wakazi wa Palma waliouawa majumbani na njiani walitajwa kwa ujumla. Msomaji aliyeielewa hesabu ya mwaka 1905 hatashangaa. Na waandishi wa nchini walikuwa katika hatari: Ibraimo Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka Aprili 2020.

Hapa ndipo vijana wetu wanapotatizika. Gazeti huandika neno "Waislamu" mbele ya neno "wauaji", na moyo wa kijana hujeruhiwa. Tena ana haki ya kujeruhiwa, kwani katika Palma na Mocímboa da Praia wakazi wengi ni Waislamu, na wengi wa waliouawa walikuwa wakisali kama yeye. Gazeti lisilosema hilo limeficha nusu ya habari. Lakini kutokana na jeraha hilo, vijana wengine hutoka wakasema: "Haya yote ni uzushi wa maadui wa Uislamu, hapakuuawa mtu." Nawaambia kwa mapenzi ya mwalimu: mwenye kusema hivyo bila kuuliza amechukua ile ile ramani ya Ureno isiyo na kijiji. Ameona habari haimpendezi, akawafuta maiti. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha tusimame na uadilifu hata ikiwa ushahidi utatugeukia wenyewe, au wazazi wetu na jamaa zetu.

MASWALI YA KUULIZA NYUMBANI

Nawaomba wazazi, na hasa akina mama ambao ndio walimu wa kwanza, wawazoeze watoto kuuliza haya kila ifikapo habari ya mauaji:

Kwanza, nani aliyeona, na je, ametajwa alikuwa wapi? Pili, ni nani aliyepokea kwake, na kuna kiungo kilichokatika? Tatu, waliouawa wametajwa kwa majina, vijiji na umri, au kwa hesabu ya mviringo tu? Nne, wa upande wa pili ameulizwa, na akikana, ameruhusu watu waende kutazama? Tano, gazeti hili ni la nani, na liliandika nini upande wake ulipokuwa ndio muuaji? Na la sita, lililo gumu kuliko yote: je, ningaliikubali habari hii kwa ushahidi huu huu kama waliouawa wangalikuwa watu nisiowapenda?

Asiyepata majibu na anyamaze wala asiieneze habari mpaka aijue, kwa maana kunyamaza kwa kungoja uhakika ni ibada. Aliyepata majibu asiogope kusema, hata kama wenziwe watanuna. Na akiwapo miongoni mwetu mzee aliyesikia kwa baba yake habari za njaa ya vita vya Maji Maji katika bonde hili, kijana mmoja na achukue daftari, aketi naye baada ya Alasiri, aandike majina. Wazee hao ni wachache sasa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhuluma, atupe macho ya kuona haki na ndimi za kuisema. Amin.